Meli ya Gokstad kwa kipimo cha 1:35: tathmini ya seti ya modeli ya mbao

Kwa miezi mitano iliyopita, jioni zangu nyingi zimeishia kwenye meza ndogo iliyo karibu na dirisha la sebuleni, nikiunda modeli ya mbao ya meli ya Gokstad, ile meli ya Waviking iliyofukuliwa mwaka 1880 kutoka kwenye kilima cha kaburi katika shamba la Gokstad, karibu na mji wa Sandefjord nchini Norwei. Meli yenyewe, iliyoundwa mnamo mwaka 890 kwa mbao za mwaloni, ina urefu wa karibu mita 23.8 na upana wa mita 5.1 hivi. Kwa kipimo cha 1:35, modeli iliyokamilika ina urefu wa sentimita 68 na upana usiofika sentimita 15, kwa hiyo inaenea vizuri juu ya kabati la vitabu bila kukifanya chumba kionekane kidogo.

Sitataja jina la kiwanda kilichotengeneza seti hii. Seti za meli za Waviking zinatengenezwa na viwanda kadhaa vya Ulaya, na mambo nitakayoyaeleza ndiyo ambayo mnunuzi anapaswa kuyaangalia katika seti yoyote ile kabla ya kutoa fedha zake. Yangu niliiagiza kutoka duka la mtandaoni la huko huko Ulaya, na hadi iliponifikia hapa Mombasa, pamoja na gharama ya posta na ushuru wa forodha, ilikuwa imekula Shilingi 24,000 za Kenya. Ni fedha nyingi kwa boksi la vijiti, na kwa sababu hiyo nimeona ni haki kuipima seti hii kwa makini, kipengele kwa kipengele.

Kigezo changu kikuu ni kimoja: je, seti inamfanya mtu aiunde meli kama ilivyoundwa, au inampa umbo tu la kupamba chumba? Waundaji wa meli za Waviking walianzia nje. Waliulaza mkuku, yaani uti wa mgongo wa meli, wakasimamisha nguzo ya omo (mbele) na nguzo ya tezi (nyuma), kisha wakapandisha mbao safu baada ya safu, kila ubao ukilalia ukingo wa ule ulio chini yake, zikashikwa pamoja kwa ribiti za chuma, na katikati ya ubao na ubao wakaweka nyuzi za manyoya ya wanyama zilizolowekwa lami ya miti, yaani kalafati, ili maji yasipenye. Mataruma, yaani mbavu za ndani, yaliingizwa baadaye, wakati gamba la meli limekwisha kupata umbo lake. Msomaji wa pwani yetu hatashangazwa na utaratibu huo, kwa kuwa mtepe wa Lamu nao uliundwa kwa kutanguliza mbao na kuchelewesha mataruma, ingawa mbao za mtepe zilikutana ukingo kwa ukingo na zilishonwa kwa kamba za usumba badala ya kupigwa ribiti. Seti nyingi zinazouzwa hufuata njia ya kinyume: mtu hupanga kuta za plaiwudi juu ya mkuku, akazifunika kwa vijibao, na kuta hizo zikabaki humo ndani daima. Modeli ya namna hiyo ni imara, lakini ukiichungulia ndani huoni meli, unaona rafu za kabati.

Seti hii imeepuka kosa hilo, na hiyo ndiyo sifa yake kubwa. Ndani ya boksi mna kalibu 11 za plaiwudi zinazosimamishwa juu ya ubao wa msingi, meli ikiwa kichwa chini, na juu ya kalibu hizo ndipo mbao hupangwa. Safu zote 16 za kila upande zikishakamilika na gundi ikishakauka, gamba lote hunyanyuliwa, kalibu zikabaki mezani, na mkononi ukabaki na chombo chepesi kilicho wazi ndani, kikingojea mataruma yake. Nilipolinyanyua la kwangu usiku mmoja wa Jumamosi, lilikuwa jepesi kuliko kikombe cha chai, na nilipolielekeza kwenye taa, mwanga ulipenya kwenye nafasi mbili tu karibu na nguzo ya tezi, ambapo nilikuwa nimefanya haraka.

Vipande vyenyewe vimekatwa kwa leza, na vimekatwa vizuri. Mbao za safu zimetoka kwenye plaiwudi nyembamba ya milimita 0.8, kila moja ikiwa na umbo lake lililopinda, na namba yake imechomwa kwenye upande utakaofichwa. Mkuku na nguzo mbili ni za mbao ngumu yenye rangi ya asali. Inafaa mnunuzi ajue mapema kwamba leza huacha masizi kwenye kingo zote, na gundi ya mbao haishiki vyema kwenye masizi. Kila ukingo sharti usuguliwe kwa msasa laini mpaka mbao yenyewe ionekane, lakini usisuguliwe kupita kiasi, kwa maana ukipunguza hata nusu milimita katika kila safu, ukifika safu ya 16 utajikuta umepungukiwa karibu sentimita nzima. Kijitabu cha maelekezo hakisemi neno juu ya jambo hilo. Mimi niliugundua upungufu huo kwenye safu ya nne, nikalazimika kuzibandua mbili kwa maji ya moto na kisu chembamba.

Safu ya kwanza, ile inayokaa juu ya mkuku, ndiyo ngumu kuliko zote. Katika meli halisi, mkuku umechongwa kwa umbo linaloupa ubao wa kwanza ukingo wa kuulalia. Katika seti hii mkuku umekuja bapa, na ubao wa kwanza unatarajiwa kugandishwa kwenye upande wake kwa gundi peke yake. Ubao huo unajipinda kwa namna mbili kwa wakati mmoja: katikati ya meli umelala karibu kama sakafu, na ukielekea omo unajisokota mpaka unasimama wima sambamba na nguzo. Gundi peke yake haiwezi kuushika msokoto huo. Nilichonga mfereji wa kina cha nusu milimita kwa kisu kando ya mkuku wote, nikauloweka ubao kwa dakika 20, nikaufunga kwa kamba juu ya chupa ya duara usiku kucha, na asubuhi ulikaa mahali pake bila kulazimishwa. Ninamshauri kila atakayenunua seti hii afanye kazi hiyo ya mfereji kabla ya jambo lingine lolote.

Hewa ya pwani nayo ina neno lake. Niliianza kazi hii mwezi Aprili, mvua za masika zilipokuwa zimepamba moto, na plaiwudi nyembamba ilikuwa ikivimba usiku na kunywea mchana feni ikiwashwa. Ubao wa saba wa upande wa kushoto ulipasuka kando ya mshipa wake, nao haukupasuka mkononi mwangu bali ukiwa umelala mezani. Niliwaandikia watengenezaji nikiambatanisha picha, na kwa haki ni lazima niseme kwamba hawakuniuliza maswali mengi: vipande viwili vya badala vilinifikia baada ya wiki tano bila malipo. Tangu hapo nilizihifadhi mbao zote ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa vizuri, pamoja na kitambaa chenye mchele mkavu, nikawa nazitoa moja moja.

Dosari ninayoilalamikia zaidi katika gamba ni unene wa mbao. Seti imezipa safu zote 16 unene mmoja, ilhali meli ya Gokstad haikuwa hivyo, na tofauti hizo ndizo zinazoonyesha akili ya waundaji wake. Mbao zake nyingi zina unene wa sentimita 2.6 hivi, jambo linalofanya milimita 0.8 za seti ziwe karibu sana na ukweli. Lakini safu ya 10, iliyo kwenye mstari wa maji, ina unene wa zaidi ya sentimita 4, kwa sababu ndiyo inayobeba mzigo wa kuunganisha sehemu ya chini ya meli na ubavu wake. Safu ya 14, iliyotobolewa matundu ya makasia, nayo imenenepeshwa ili isidhoofishwe na matundu hayo, na mbili za juu kabisa ni nyembamba kuliko zote, kwa kuwa uzito wa juu huipa meli hatari ya kupinduka. Niliunenepesha ubao wa 10 kwa kuugandishia utepe mwembamba kwa ndani, na zile mbili za juu nilizipunguza kwa msasa. Ilinichukua jioni nne, na sasa mtu akiitazama modeli kwa ubavu anaiona ile safu moja ikijitokeza kama mshipa kutoka omo hadi tezi. Kiwanda kingeweza kuufanya mshipa huo kwa kuongeza karatasi moja tu ya plaiwudi ndani ya boksi.

Wembamba huo wa mbao haukuwa udhaifu. Mwaka 1893 nakala kamili ya meli ya Gokstad, iliyopewa jina la Viking na kuongozwa na nahodha Magnus Andersen, iling'oa nanga mjini Bergen, ikavuka Atlantiki na kufika Newfoundland kwa siku 28, kisha ikaendelea hadi kwenye maonyesho ya dunia mjini Chicago. Andersen alieleza jinsi gamba lilivyojinyonga pamoja na mawimbi bila kuvuja. Lilijinyonga kwa sababu katika sehemu ya chini ya meli mataruma hayakupigiliwa kwenye mbao: yalifungwa kwa kamba zilizopitishwa kwenye vinundu ambavyo fundi alikuwa ameviacha wakati wa kuuchonga ubao, na hayakushikizwa kwenye mkuku hata kidogo.

Mzee mmoja jirani yangu, aliyefanya kazi ya kuunda majahazi tangu ujana wake, alikuja kuitazama kazi wakati mataruma yalikuwa hayajaingia. Aliinua gamba kwa mikono miwili, akaligeuza, akapitisha kidole gumba kwenye kingo za mbao zilizopandana.

"Mwanangu, mbao hizi zimepandana kama makuti ya paa," alisema. "Kalafati yake waliitia wapi?"

"Shikamoo tena, Mzee. Waliitia hapa kati, ubao kabla ya kulaliwa na mwenzake, wala si baada ya kuunda," nilimjibu.

Alinyamaza kidogo, akaangalia ndani. "Basi aliyekosea hapa hakuwa na pa kurudi," alisema, akaiweka chini taratibu.

Neno lake ni kweli pia kwa anayeunda modeli. Katika modeli ya mbao zinazokutana ukingo kwa ukingo, mtu anaweza kukandika makosa yake kwa unga wa mbao na gundi, akasugua, akapaka rangi, na mambo yakaisha. Hapa kila ukingo unaonekana na unatoa kivuli chake. Ndiyo maana siwezi kuipendekeza seti hii kwa mtu ambaye hajawahi kuunda modeli hata moja. Angalau aanze na mashua ndogo.

Mataruma ya seti yamekatwa barabara na yanaingia mahali pake kwa kusuguliwa kidogo tu. Maelekezo yanasema yagandishwe kwa gundi, nami nilifanya hivyo, ila kwenye mataruma matatu ya katikati nilizungusha uzi wa pamba uliopakwa nta ili kuonyesha vile vifungo vya kamba. Ribiti zimewakilishwa kwa vitone vilivyochomwa na leza. Vinatosha. Nilijaribu kubandika vichwa vya sindano vilivyokatwa kwenye kipande cha majaribio, na vilikuwa vikubwa mno kwa kipimo hiki. Ncha ya penseli iliyobonyezwa juu ya kila kitone iliupa utosi wa ribiti mng'ao hafifu wa chuma, na hilo lilipendeza zaidi.

Sehemu ya mlingoti ndiyo niliyoifurahia kuliko zote. Kwenye mkuku hukaa gogo kubwa linalopokea kitako cha mlingoti, ambalo Wanorwei wanaliita kwa neno lenye maana ya bibi kizee, na juu yake, sawa na sakafu, hulala gogo la pili refu lenye mikia miwili, liitwalo samaki, lenye uwazi upande wa nyuma ili mlingoti uweze kulazwa wakati wa kupiga makasia. Seti imevitoa vyote viwili kwa mbao ngumu, samaki akiwa na mgongo wake wa mviringo, na kipande kidogo cha kuziba uwazi kikiwa kimekatwa peke yake. Mlingoti wangu unasimama na kulala kama inavyopaswa. Sakafu, kwa upande mwingine, maelekezo yanataka igandishwe yote, na hapo nilikataa. Mbao za sakafu ya meli ya Gokstad zilikuwa huru, ziweze kuinuliwa ili mabaharia waweke mizigo au wachote maji, kwa hiyo nimeziacha 9 bila gundi. Msinunue viti vya wapiga makasia vinavyouzwa kando kama nyongeza, maana meli hii haikukutwa na viti vyovyote vilivyojengwa ndani yake.

Makasia yapo 32, 16 kila upande, nayo yamefanywa yote kwa urefu mmoja. Hilo ni kosa dogo linaloonekana wazi. Makasia halisi yalikuwa ya mita 5.3 hadi mita 5.8 hivi, kwa kuwa ubavu wa meli huinuka kuelekea omo na tezi, na aliyekaa huko alihitaji kasia refu zaidi kuyafikia maji. Bahati nzuri kupunguza ni rahisi kuliko kurefusha, hivyo niliyakata ya katikati kwa milimita 12. Matundu ya makasia yamekatwa kwa uangalifu wa kusifiwa, kila moja likiwa na ule mwanya mwembamba wa kupitishia bapa la kasia kutoka ndani. Vifuniko vyake vya mbao, ambavyo mabaharia walivizungusha kuziba matundu wakati wa kutweka tanga, havimo. Nilivikata kutoka kwenye mabaki ya plaiwudi, 32, nikavishikiza kwa vipande vya waya wa shaba. Usukani mmoja mkubwa wa ubavuni, upande wa kulia wa tezi, umetengenezwa vizuri na unazunguka.

Ngao zimenihuzunisha. Seti ina vibandiko vya karatasi vyenye misalaba na miviringo ya nyekundu na nyeupe, ilhali Gokstad ni meli ambayo ngao zake zilikutwa: 32 kila upande, zimepishana, moja ya manjano na moja nyeusi, mbili kwa kila tundu la kasia. Rangi iliyothibitishwa namna hii ni zawadi kwa muunda modeli, na ni ajabu kwamba kiwanda kimeiacha. Nilivitupa vibandiko, nikapaka vibao vyote 64 kwa mkono, kwa rangi iliyokolezwa maji. Kwa kuvitazama sasa vikiwa vimejipanga ubavuni, manjano, nyeusi, manjano, nyeusi, nasadiki kwamba hakuna sehemu ya modeli hii inayomvuta mgeni mapema zaidi.

Tanga ni kitambaa cha pamba chenye mistari iliyochapwa, cheupe mno na kigumu mno. Waviking walitumia matanga ya sufu. Nililiacha la seti, nikashona jingine kwa kipande cha kitambaa chembamba cha sufu kilichotoka kwenye skafu kuukuu, nikalifunga limekunjwa kwenye foromali, yaani mti unaobeba tanga, kwa sababu tanga lililotandazwa huificha ile sehemu ya ndani ambayo nimeitolea jasho. Badala ya rangi ya kahawia nzito inayopendekezwa na maelekezo, nilitumia mafuta ya kitani yaliyochanganywa na tone la rangi nyeusi, nikapaka mara mbili, kisha nikasugua kwa kitambaa kikavu.

Maelekezo yapo katika lugha nne, yote mafupi. Michoro ndiyo inayookoa hali, hasa karatasi kubwa inayoonyesha meli kwa ukubwa halisi wa modeli, juu yake mtu anaweza kukiweka kipande chochote akapima. Mimi niliongeza picha za meli yenyewe nilizozipata mtandaoni, zilizopigwa katika jumba la makumbusho la Bygdøy mjini Oslo kabla halijafungwa mwaka 2022 kwa ajili ya kupanuliwa, na bila picha hizo nisingejua jinsi mbao zinavyoingia kwenye nguzo ya omo. Vifaa vilivyohitajika ni kisu chenye nyembe za kubadilisha, msasa wa aina tatu, tupa ndogo, gundi ya mbao, na vibanio vya nguo visivyopungua 40. Nilitumia saa 150 hivi.

Kwa mtu aliyekwisha kuunda modeli mbili au tatu, anayetaka kuelewa namna meli ya Waviking ilivyoshikana, seti hii inastahili fedha zake, mradi aihesabu kama mbao nzuri zenye mchoro mzuri, na mengine ayafanye mwenyewe. Kuna kipande kimoja ambacho sikukitumia. Ni kichwa cha joka cha mbao iliyochongwa, chenye meno na ulimi, cha kupachikwa juu ya nguzo ya omo. Udongo wa mfinyanzi ndio ulioihifadhi meli ya Gokstad, na ncha za nguzo zake, zilizochomoza juu ya udongo huo, zilioza zamani. Kichwa hicho kimo ndani ya boksi pamoja na tanga la mistari, na nguzo mbili za modeli yangu zinaishia pale zilipoishia zile zilizofukuliwa.